Wekundu wa Mama Ngametua

Krr. Tak, tak. Krr.

Ilikuwa Jumatatu, jogoo wa kwanza hajawika, na sauti hiyo ilitoka sebuleni. Panya wetu nawajua, hawasemi hivyo. Nilijifunga pareu yangu nikatoka, nikamkuta mume wangu Teariki amekaa mbele ya printa yangu mpya, tochi mdomoni, kitabu cha maelezo mapajani na miwani yangu machoni.

"Unafanya nini?"

Alitoa tochi mdomoni. "Nimekuja kunywa maji."

"Maji yako jikoni."

"Nilipotea njia."

Huyu ndiye aliyekuwa akitangaza, tangu boti ilipoishusha printa Jumamosi, kwamba mkewe amenunua kuku wa plastiki asiyetaga. Jumapili hatukuigusa, kwa sababu Jumapili hapa kisiwani Atiu kazi hakuna, hata ya kuchapa picha. Sasa alikuwa ameiwasha peke yake gizani. Nikaona pia kwamba ule mguu mfupi wa meza, ambao nimeulalamikia miaka minne, ulikuwa umewekewa kibao chini. Meza ilikuwa imetulia tuli. Nilimletea maji.

Printa ile niliinunua kwa ajili ya Mama Ngametua, na sababu yake ni hii.

Mama Ngametua ndiye mkubwa wa nyumba yetu ya kushonea. Ana miaka themanini na mitatu. Yeye hukunja kitambaa, hushika mkasi, hukata bila kuchora hata mstari mmoja, na akikikunjua, bustani nzima imo ndani. Sisi wengine hushona alichokata yeye. Ametengeneza tivaevae kumi na tisa, matandiko yetu ya kitandani ya maua ya kushonwa kwa mkono, na nyumbani kwake hakuna hata moja. Nyingine zimewafunika maiti na kwenda nao kaburini, kama desturi yetu ilivyo. Nyingine zimetolewa harusini. Nyingine ziko ng'ambo, Auckland, kwa watoto. Kitanda chake mwenyewe kina blanketi la dukani.

Mwaka jana kulikuwa na maonyesho Rarotonga, kisiwa kikubwa, na kila fundi aliambiwa asimame kando ya kazi zake. Mama Ngametua alisimama kando ya meza tupu. Msichana mmoja aliyekuwa akiandika majina akamuuliza, "Na zako ziko wapi, Mama?"

"Zangu ziko kazini," akajibu.

Wasichana wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wadogo tu. Lakini nilimwona Mama akificha mikono yake chini ya meza, mikono ile, na moyo wangu ukanikaa vibaya hadi leo.

Sasa alikuwa amemaliza ya ishirini, maua mekundu ya haibiskasi juu ya nyeupe, kazi ya miaka mitano. Alhamisi ingepanda ndege na binti yake kwenda Auckland, kitukuu wake aikalie siku ya sherehe ya kukatwa nywele kwa mara ya kwanza. Ingekwenda isirudi. Niliapa kwamba safari hii picha yake itabaki ukutani kwa Mama, kubwa, kabla ndege haijaruka. Nilimwambia hivyo.

"Nimeona picha za simu," alisema. "Zinasema uongo. Kama wekundu si wangu, usiniletee."

Basi Jumatatu hiyo, chai ilipokwisha, tukampigia simu ya video mjukuu wetu Kura, aliye Auckland.

"Bibi, umetoa zile tepe za gundi za rangi ya chungwa?"

"Nimetoa."

"Zote? Hata za ndani?"

"Babu yako amebandika mbili kwenye kofia yake. Zote zimetoka."

Tukaingiza katriji, nyeusi na za rangi. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, ikatoa karatasi ya mistari, nami nikaipigia makofi. Halafu tukatia karatasi ya picha, ile nzito ya kung'aa, na nikatuma picha niliyopiga Ijumaa ndani ya nyumba ya kushonea. Ikatoka pole pole. Wino ulikuwa umelala juu kama uji, nilipougusa ukanifuata kidoleni.

Kura alisogeza uso karibu na kioo cha simu. "Bibi, ule upande unaong'aa mliuweka unatazama wapi?"

Nilimtazama Teariki. Teariki alitazama dari.

"Iligeuka yenyewe," alisema.

Tuligeuza karatasi. Safari hii ilitoka safi, kavu, kila ua mahali pake. Nilijivuna kama mwenye kanisa. Nikaipeleka mbio kwa Mama Ngametua, nikamkuta barazani anamenya taro. Akafuta mikono, akaishika picha kwa mbali, akaileta karibu, akanirudishia.

"Hii ni kutu," alisema. "Kula taro."

Nikala taro. Hakuwa mkali, na alinichagulia kipande kilicho laini. Lakini ni kweli, ilikuwa kutu.

Kura ndiye aliyegundua kosa jioni ile. "Bati la nyumba yenu ya kushonea limepakwa rangi gani kwa ndani?"

"Kijani."

"Ndiyo hiyo. Mwanga wote uliokuwa ukishuka juu ya kitambaa ulikuwa kijani. Itoeni nje, Bibi, lakini si juani. Kivulini, asubuhi."

Jumanne asubuhi wanawake tisa, wenzangu wa kushona, walikuja bila kubembelezwa. Mii, ambaye mdomo wake haulali, alileta mikate ya kukaanga ya kutosha jeshi. Tuliishika tivaevae kwa pindo zake, upande wa nyumba usio na jua, majani yakiwa yamekauka umande, na Teariki akapanda nyuma ya gari lake na simu yangu.

"Inueni kona ya Mii," alisema.

"Kona yangu iko juu. Wewe ndiye uliyepinda."

"Mii, nyamaza, utaingia kwenye picha."

"Nitaingiaje na mdomo?"

"Mdomo ndio wa kwanza kuingia."

Alipiga kumi na mbili. Nikachagua moja, nikachagua kwenye simu aina ya karatasi kama Kura alivyonionyesha, maana kumbe mashine hutaka kuambiwa imelishwa nini, nikabonyeza. Ilipotoka, niliipeleka dirishani. Wekundu ulikuwa ule ule, ule unaoanza mzito kama damu katikati ya ua na kuishia kama shavu la mtoto. Teariki alivua kofia yake, na tepe zake za chungwa, akaiweka kifuani.

Na hapo nikafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa Atiu angelifanya. Katika nyumba yetu hakuna picha isiyo na shada. Baba na mama wana mashada yao, wazazi wa Teariki wana yao, hata picha ya timu ya raga ya mwanangu inalo. Niliisimamisha picha mezani, nikashona shada la maua mabichi, nikalichovya majini lisinyauke, nikaivisha. Kisha nikaenda shambani kuchuma majani ya taro.

Niliporudi, maji yalikuwa yameteremka kutoka kwenye maua ya kweli hadi kwenye maua ya wino. Wekundu ulikuwa umetambaa juu ya nyeupe hadi chini, kama mtu amelia na wanja.

Nilikaa kitini. Teariki aliitazama picha, akanitazama mimi. Nilisubiri mzaha wake. Alikwenda jikoni, akapika chai, akaniwekea sukari tatu kama ninavyopenda na daktari asivyopenda, akakaa kando yangu.

"Chapa nyingine," alisema mwisho.

Nikatazama kwenye simu. Alama ya wino mwekundu ilikuwa imebaki nyembamba kama ukucha. Katriji zinazokuja na mashine hazijazwi, Kura alituambia, ni za kuonjea tu. Na hapa kisiwani hakuna duka linalouza wino, na boti nyingine ni baada ya wiki tatu.

"Moja inaweza kutosha," Kura alisema. "Siwezi kukuahidi, Bibi. Msiisafishe tena, kila ikijisafisha inakunywa wino. Bonyeza mara moja tu."

Nilingoja Jumatano asubuhi, nipate mikono iliyotulia. Nilipangusa karatasi kwa kitambaa kikavu. Niliangalia upande unaong'aa mara tatu. Teariki alifunga kuku nje ili wasiingie, akafunga na mdomo wake. Nikabonyeza.

Ilitoka ukanda kwa ukanda, upana wa kidole kwa kidole. Safu ya kwanza ya maua, nyekundu. Ya pili, nyekundu. Katikati mashine ilisimama, ikafikiri, na mimi nikasema jina la Mungu taratibu. Ikaendelea. Safu ya mwisho ilipotoka, wekundu ulikuwa ule ule hadi kwenye pindo. Taa ndogo ya chungwa ikawaka hapo hapo, wino umekwisha.

Nikaifunga picha ndani ya foronya, nikatembea nayo kama anayebeba mayai.

Mama Ngametua alikuwa amekaa kitandani, na tivaevae ya kweli imekunjwa kando yake, tayari kwa safari. Aliikunjua kona moja, akaweka picha juu yake, ua kando ya ua. Akatazama moja, akatazama nyingine, akarudia.

"Huu ni wangu," alisema.

Akapitisha kidole hewani juu ya karatasi, bila kuigusa, ua kwa ua, akitaja aliyelishona kila moja. Hili la Mii. Hili la marehemu Tangi. Hili la binti yake. Mimi nilikuwa nikifuata kidole, na macho yangu yakaangukia jani moja karibu kabisa na katikati. Mishono yake ilikuwa mirefu, mingine imekwenda huku na mingine kule, kama nyayo za kuku. Niliijua. Mtu huijua mishono yake kama anavyoujua mwandiko wake.

Katika nyumba yetu ya kushonea, mkubwa hukaa nyuma wengine wakiondoka. Mshono mbaya hufumuliwa na kushonwa upya, na kesho yake hakuna anayesema kitu, wala aliyeshona wala aliyefumua. Yangu imefumuliwa miaka yote, najua, na ninashukuru.

"Mama," nikasema, "hili jani ni langu. Ulilisahau."

"Mimi nasahau jani?"

"Basi mbona hukulifumua?"

Alianza kuikunja tena ile kona, pole pole, akilainisha kila mkunjo. "Ulilishona wiki uliyomzika Vaine. Ulikuja siku ya tatu, macho yamevimba, ukakaa, ukashona. Niliuchukua mkasi jioni ile. Nikaurudisha."

Vaine alikuwa dada yangu. Sikukumbuka hata kama nilishona wiki hiyo. Nilikumbuka tu kwamba mtu aliniwekea sindano yenye uzi tayari mkononi.

"Na kitukuu wako atalikalia jani baya," nikasema, kwa sababu ilibidi niseme kitu.

"Atalikalia jani zuri. Hebu pigilia msumari."

Nilipigilia, juu ya kitanda, mahali jua halifiki. Hatukuivisha shada. Mama alisimama chini yake, mikono nje, haijafichwa popote. Majirani wawili waliokuwa wakipita aliwaita kwa majina waje waone, na Mama Ngametua si mtu wa kuita watu. Walipouliza ni kazi ya nani, alitaja majina yetu sote kumi, na langu hakulitaja mwisho.

Walipoondoka nikaokota foronya yangu, niende zangu. Alinishika mkono mlangoni.

"Kesho ndege itaondoka nayo, na binti yangu pia," alisema. "Nyumba itakuwa kimya sana. Ijumaa njoo, Tereapii. Hata kama huna la kuleta, njoo tena."