Ukuta Uliowapisha Wageni

Fundi mwashi alikuwa amenyoa shavu moja ukuta uliposogea.

Kioo chake alikitundika kila asubuhi kwenye ukuta mrefu uliotenganisha kichochoro chao na bustani ya Bwana Mkubwa. Kichochoro chenyewe kilikuwa chembamba, hata jirani akitaka kupita ilibidi kwanza amwombe mwashi avute tumbo. Asubuhi hiyo aliinua wembe, akakuta kioo hakipo mbele ya pua yake. Kilikuwa kimeenda mbele kidogo, pamoja na ukuta wake. Chumbani kwa jirani kitoto kikalia, kisha mkunga akachungulia mlangoni.

"Fundi viatu kapata binti!"

Mwashi akapiga hatua moja, akamalizia shavu la pili.

Tangu hapo, kila alipozaliwa mtoto ukuta ulijivuta ndani ya bustani kimyakimya, bila kudondosha hata chembe ya saruji, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwenzake akae. Watu waliozoea kubanana kama ndizi kwenye chane wakapata pa kuanika nguo, kisha pa kuweka majiko, hatimaye hata pa kurukia kamba. Aliyefurahi kupita wote ni mama mkwe wa mwashi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Sitanyamaza.

"Nilikwambia, mwanangu, kila mtoto huja na riziki yake."

"Ulisema riziki, mama. Hukusema kiwanja."

"Kwani kiwanja si riziki?"

Lililobaki ni maji. Kichochoro kilikuwa na bomba moja, lililokohoa alfajiri kisha likanyamaza mpaka kesho yake. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na kisima, na maji yake yalirushwa mchana kutwa juu ya nyasi ambazo hakuna aliyezikanyaga. Mke wa mwashi, fundi cherehani, alikuwa na mimba kubwa hata cherehani yenyewe aliikalia ubavu. Hata hivyo alipanga foleni na ndoo yake kama wengine, na mara nyingine alirudi nayo tupu.

Bwana Mkubwa akamwita mwashi. Hakushangaa kwamba ukuta unatembea. Kilichomuudhi ni kutembea bila ruhusa.

"Nyinyi mnazaana mno," alisema, akiwa amesimama peke yake katikati ya nyasi. "Dunia haitoshi. Jenga mwingine pale pale ulipokuwa wa kwanza."

Mwashi alikuwa na tumbo la mkewe la kufikiria, akajenga. Tofali la mwisho lilikuwa bado bichi pale muuza mkaa alipopata mtoto wa kiume. Ukuta mpya ukaondoka taratibu, ukaenda kuegemea ule wa zamani kama ndugu waliopotezana.

"Umetumia saruji gani?" Bwana Mkubwa aliuliza.

"Ile ile, bwana."

Siku uchungu ulipomshika fundi cherehani, majirani walijaa uani. Mkunga akapaza sauti toka ndani: "Wa kike!" Kuta zikajivuta mpaka kwenye mawaridi. "Subirini, yupo mwenzake!" Zikayapita mawaridi. Bi Sitanyamaza akakimbilia kanga ya pili. "Na huyu hapa wa tatu!" Kuta zikapita juu ya kisima bila kukigusa, zikakiacha upande wa kichochoro, na ndoo yake ikiwa bado inaning'inia.

Vigelegele vilivyopigwa hapo si vya kusimulia. Maji ya kwanza yaliwaogesha wale watatu. Yaliyofuata yalimwagwa vichwani mwa watu wazima waliokimbizana kama watoto.

"Watatu?" mwashi alimwuliza mkewe.

"Si ulikuwa unalia na nafasi?"

Bwana Mkubwa hakulalamika. Hilo ndilo lililomkosesha mwashi raha. Jioni alizunguka bustani yote hadi nyuma, na huko akaona kwamba ukuta wa nyuma nao ulikuwa umesogea, kwa kipimo kile kile, ukapanda mlima na kuingia msituni. Bustani haikuwa imepungua hata shibiri. Miti iliyokuwa ikikilisha kisima kwa maji ya mvua sasa ilikuwa ndani ya ukuta. Mingine ilikwisha kulala chini, na nyasi zilikuwa zinapandwa juu ya visiki. Msimamizi wa kazi akamsalimia kwa furaha.

"Bwana anawapa hongera. Mkizaa tena kidogo tu, tutafika mtoni."

Mwashi akarudi nyumbani, akamweleza mkewe yote, hakuficha kitu. Mkewe alikuwa na watoto wawili kifuani, na yule wa tatu amelala mapajani mwa bibi yake. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi tumrudishe yupi?"

Mwashi akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kwa makini kama anayekagua tofali. Hakumpata wa kurudisha. Mlimani msumeno ukaanza tena, mti ukaanguka, na vumbi lake likaingia dirishani. Yule wa tatu akapiga chafya, kubwa kuliko yeye mwenyewe, na chumba kizima kikaangua kicheko.