Safu ya Nne ya Tangi la Saba

Kamati ya kuchagua droni ya kukagua matangi ilikuwa na watu watatu, lakini kura ilikuwa moja tu, ya Fundi Sikio. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akikagua matangi ya mafuta kwa nyundo ndogo na sikio lake. Anagonga bamba, anasikiliza, anasema zima au bovu, na wakubwa wanatia saini bila kuuliza. Hata mdogo wake wa tumbo moja alifukuzwa kazi kwa neno lake.

Hilo lilitokea miaka mitatu nyuma. Mdogo mtu, aliyekuwa akikagua kwa kuning'inia kwenye kamba, alishuka ndani ya Tangi la Saba akasema kuwa kwenye safu ya nne ya mabamba, nyuma ya ngazi, chuma kimeliwa na kutu. Kusimamisha tangi ni hasara, na wakubwa walinuna. Wakamwita Fundi Sikio. Alipanda, akagonga mara moja, akashuka. "Zima," alisema. Mdogo wake akaitwa mzushi, akatoka getini na viatu vyake vya kazi mkononi. Tangu siku hiyo ndugu hao walisalimiana misibani tu.

Sasa mhandisi, mama asiyependa porojo, alikuwa ameita wauzaji wawili. Droni ya kwanza ilipendeza macho, lakini ulivyoinunua ndivyo utakavyozeeka nayo. Hata taa ya ziada haikubali. Ya pili ilikuja na sanduku zima la vifaa. Unaivua kamera hii, unaivisha ile ya kupima joto, unaizungushia kizimba cha waya isijigonge ukutani, kutegemea na kazi ya siku hiyo.

"Na kusikia je, inasikia?" Fundi Sikio alimtania muuzaji, na watu wakacheka.

Muuzaji alifunga mbele ya droni mkono mfupi wenye kidude cha ukubwa wa kizibo cha chupa. "Hiki kinagusa bamba, kinapeleka sauti ndani ya chuma, kinasoma unene. Tujaribu wapi, mzee?"

Hapo ndipo Fundi Sikio alipojitia kitanzi mwenyewe. Kwa miaka mitatu alikuwa amejiaminisha kuwa bamba lile ni zima: mashine ikisema bovu, ameiumbua; ikisema zima, amemmaliza mdogo wake. "Tangi la Saba ni tupu wiki hii," alisema. "Safu ya nne, nyuma ya ngazi."

Bamba lilitakiwa kuwa na milimita tisa. Droni ilirushwa ndani, kidude kikagusa bamba, na kioo cha muuzaji kikaonyesha mbili.

"Rudia," alisema Fundi Sikio. Mbili. "Rudia tena!" Mbili vilevile.

Mhandisi akamgeukia. "Fundi, unasemaje?"

Angesema mashine imekosea, wangemwamini. Wangenunua ile nyingine, na habari ingeishia hapo, mpaka tangi lipasuke. Lakini yeye alijua ukweli wa siku ile alipoitwa kugonga. Sikio lilikuwa limeshaanza kuzima. Nyumbani mkewe alikuwa akirudia kila jambo mara mbili. Aligonga, hakupata la kushika, akaona bora aseme "zima" kuliko aseme "sijui". Ndivyo alivyomuuza ndugu yake, kwa kuona haya.

"Nunueni hii," alisema. "Na tangi msilijaze."

Alipotoka kazini alipitiliza hadi kwa mdogo wake. Siku hizi huyo mdogo alikuwa akiziba masufuria yaliyotoboka, kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga.

"Kaka," mdogo wake aliitikia salamu bila kuinuka.

"Wameiona kutu. Pale pale uliposema. Mhandisi anataka urudi, uwe mrushaji wa droni."

"Nani kawaambia nilisema kweli? Wewe?"

"Droni." Fundi Sikio aliketi kwenye ukingo wa kibaraza. "Sikio langu lilikuwa limeshakufa, mdogo wangu. Niliona aibu kusema. Nisamehe."

Mdogo wake aliinua sufuria, akaiangalia kwenye mwanga kutafuta tundu lililobaki. "Hiyo droni, iliposema kuna kutu, uliiamini papo hapo?"

"Hapana. Niliwaambia warudie."

"Mara ngapi?"

"Jumla ikapima mara tatu."

"Kwangu mimi uligonga mara moja tu!" Alipaza sauti ili kaka yake asikie, na majirani nao wakasikia.