Dua ya Toguz-Tal

Kufikia saa kumi alasiri kazi ilikuwa imekwisha. Ninaanza na hilo kwa sababu yaliyofuata hayataeleweka kama mtu atadhani tulikuwa bado tunabishana. Ujumbe wa Uzbekistan, watu tisa, na wetu wa Kirgizia, watu kumi na wawili, tulikuwa tumekubaliana kwamba basi la kwanza la kuvuka mpaka katika mkoa wetu lipite daraja la Sary-Kechu, kila siku, kwenda na kurudi, hadi mji wao wa Chinorkent. Hati ilikuwa imechapwa, pamoja na ramani niliyoichora mimi. Kusaini kulipangwa kesho yake saa tatu asubuhi. Kilichobaki kilikuwa chakula.

Uamuzi ule ulitokana na hesabu yangu. Mimi ni mhandisi wa barabara katika idara ya uchukuzi ya mkoa. Mwezi wa Machi, kwa siku sita, nilisimamia hesabu ya watu kwenye madaraja mawili ambayo wakati ule yalikuwa wazi kwa waendao kwa miguu tu, tangu mlinzi anapofungua lango hadi anapolifunga. Sary-Kechu: watu mia nne kumi na wawili kwa siku. Toguz-Tal, kilomita thelathini na nne juu mtoni: ishirini na tisa. Mimi nilikaa Toguz-Tal. Sary-Kechu alinihesabia Zuurakan, mwanamke wa kijiji kile, karani mstaafu wa shule. Mvua ilinyesha siku nne. Baadaye nililinganisha karatasi zake na daftari la mlinzi. Hakukuwa na tofauti hata ya mtu mmoja.

Zuurakan alikuwa na sababu ya kuhesabu vizuri. Figo za mumewe, Ergesh, zimekufa. Damu yake husafishwa katika hospitali ya Chinorkent kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa kuwa upande wetu mashine zimejaa na foleni ni ya miezi minane. Kwa kupita darajani, kutoka mlangoni kwake hadi hospitali ni kilomita ishirini na tatu. Lakini magari hayakuruhusiwa kuvuka pale, na ng'ambo kuna kilomita saba za eneo la mpaka ambamo teksi haziingii. Mgonjwa wa figo hatembei kilomita saba. Kwa hiyo Ergesh huzungukia kivuko kikuu, kilomita themanini na sita kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na kila wiki huruka siku moja kwa sababu mwili haukubali safari ya tatu. Daktari alimwambia waziwazi kwamba kwa mwendo huo hatamaliza mwaka.

Chakula kiliandaliwa na mkuu wetu, Mambetkul, katika ukumbi wa wageni wa wilaya. Kondoo wanne. Mafuta ya mkia yalikatwa vipande vinene kama sabuni na kuwekwa juu ya nyama, na yalipopoa yakafanya utando mweupe kwenye sahani, kwenye visu, kwenye midomo ya watu. Kichwa cha kondoo alitengewa Hoshimjon-aka, yaani kaka Hoshimjon, mshauri wa ujumbe wa Uzbekistan, mwenye miaka sabini na mmoja. Hakuwa na cheo kikubwa kuliko wote, ila alikuwa na umri mkubwa kuliko wote, na pale kitambaa cha chakula kinapotandikwa hilo ndilo linalohesabiwa. Alikata sikio la kondoo, akatafuta wa kumpa.

"Mpe Burulcha," alisema Mambetkul. "Aache kuhesabu vipande vya nyama."

"Njoo uchukue, mhandisi," mzee akasema. "Sikio hupewa mtoto ili ajifunze kusikiliza wakubwa."

"Nina miaka arobaini na mitatu, mzee wangu."

"Basi umechelewa. Tafuna haraka."

Wakacheka wote. Sikio lilikuwa na nywele chache zilizoungua, ngumu kama za mswaki. Nilitafuna, nikameza.

Baada ya chai Hoshimjon-aka alifungua viganja mbele ya kifua, nasi sote tukafungua vyetu. Alikuwa na sauti nzuri, na alijua hivyo. Aliwaombea waliotutangulia, akayaombea mataifa mawili yanayokunywa mto mmoja. Kisha akasema: "Basi la Toguz-Tal lisikose abiria. Daraja la Toguz-Tal lisimame miaka mia. Watakaopita Toguz-Tal wafike salama."

Mara tatu. Hakuna aliyekuwa amelitaja daraja lile tangu mchana. Niliinua macho nikatazama nyuso. Hakuna uliokunjika. "Amina," wakasema watu ishirini, na mikono ikapanguswa usoni, yote ikimeta mafuta. Na yangu pia. Sitajitoa katika hesabu hiyo.

Mambetkul alinikuta kwenye korido.

"Badilisha hati iwe Toguz-Tal," alisema.

"Amekosea jina, kaka. Alikuwa mpangaji wa mabasi pale Toguz-Tal enzi za Wasovieti, kiwanda cha pamba kilipokuwa kinafanya kazi. Ulimi wake umerudi ujanani."

"Najua."

"Na wenzake?"

"Nao wanajua. Wewe ulilelewa wapi, Burulcha? Dua imeshaitikiwa. Nani amfuate mzee, mgeni, aliyewekewa kichwa, amwambie kwamba amebariki njia ya mbuzi?"

"Mimi."

"Wewe! Halafu kesho magazeti yao yaandike kwamba tumemfundisha mzee wao kuomba Mungu?" Alikuwa na rasimu mkononi, nakala ya kuandikia masahihisho. Alichana ukurasa mmoja, akajipangusa nao vidole, kimoja baada ya kingine. Ulikuwa ule wa jedwali langu. "Daraja ni daraja. Watu watazoea."

"Kuna mtu atakufa, kaka."

"Kila njia ina mtu wake atakayekufa," alisema, akarudi ndani kwenye matikiti.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikwenda nyumba ya wageni. Hoshimjon-aka alikuwa peke yake mezani, akichovya mkate kwenye mafuta yaliyobaki usiku. Alinimiminia chai nusu bakuli, kama anavyomiminiwa mtu anayeheshimiwa. Nilimweleza yote kwa tarakimu: mia nne kumi na wawili, ishirini na tisa, kilomita themanini na sita, siku tatu kwa wiki.

"Nililijua kosa kabla sijashusha mikono," akasema.

"Basi liseme, mzee wangu. Dakika moja tu, kabla ya kusaini."

"Niseme nini, binti yangu? Kwamba niliitisha amina ya mataifa mawili mahali pasipo na abiria? Miaka hamsini watu wananiita kwenye harusi zao niombe dua. Kesho yake nani ataniita?"

"Mtu mmoja hatamaliza mwaka."

"Nimesikia. Mimi si jiwe." Aliramba kidole gumba. "Dua haiwezi kurudishwa. Lakini ramani inaweza kukosea. Ramani iliyokuwa mbele yangu mchana umeichora wewe, sivyo?"

"Mimi. Na haina kosa."

"Ingekuwa nalo, je? Ingekuwa umebadilisha majina ya madaraja haya mawili, la juu ukaliita la chini? Mimi nikasoma Toguz-Tal, nikabariki Toguz-Tal, kumbe daraja lililo chini ya kidole changu ni Sary-Kechu. Dua imekwenda panapostahili. Hati inabaki ilivyokuwa. Hakuna mzee aliyekosea."

"Ila mimi."

"Wewe bado kijana. Kosa kwa kijana ni kama tope kwenye kiatu."

Nilimaliza chai. Nilipima pande zote mbili, kama ninavyopima kila kitu. Upande mmoja palikuwa na uongo wa sentensi mbili, upande wa pili mtu anayesafiri kilomita themanini na sita na damu chafu. Sikuona ugumu. Niliomba karatasi pale pale, nikaandika kwamba mimi, niliyeandaa ramani, nilibadilisha kimakosa majina ya madaraja mawili, nikaomba radhi kwa pande zote. Nikasaini. Mzee aliisoma, akanipiga bega, mkono wake ukaacha alama ya mafuta kwenye koti langu.

Saa tatu Mambetkul aliisoma karatasi ile mbele ya wote. Kulikuwa na kicheko kirefu cha watu waliotua mzigo.

"Mnaona?" alisema. "Mwanamke na ramani! Mimi nyumbani namficha mke wangu hata mchoro wa bustani."

"Msimcheke," alisema Hoshimjon-aka kwa upole mkubwa. "Amekiri. Anayekiri ni mtu."

Kisha mtaalamu wa trafiki wa upande wa pili, kijana makini, wa pekee katika chumba kile ambaye ningependa kufanya naye kazi, akainua kalamu.

"Samahani. Kama majina yamebadilishana kwenye ramani, jedwali je? Lile la mia nne kumi na wawili ni la daraja lipi?"

"La Sary-Kechu," nikasema.

"La Sary-Kechu ya kwenye ramani, au ya kwenye mto?"

Swali lilikuwa sahihi. Mimi mwenyewe ningeliuliza. Ili kulitetea jedwali ilibidi niseme kwamba ramani haikuwa na kosa; na kusema hivyo ni kumvua mzee nguo mbele ya nchi mbili, na kuirudisha hati Toguz-Tal. Nilimtazama Hoshimjon-aka. Alikuwa anachunguza kucha zake. Nilimtazama Mambetkul. Alikuwa anazungusha bakuli tupu la chai.

"Jedwali lipitiwe upya," akasema Mambetkul. "Kwa sasa tulitoe."

Likatolewa. Na utaratibu wetu wa pamoja, ambao niliuandika mimi kwa mkono wangu miaka miwili iliyopita, unasema kwamba njia mpya isiyo na takwimu zilizothibitishwa huanza kwa majaribio: safari moja kwa wiki, miezi sita. Lilibaki swali la siku. Mtu mmoja akasema Alhamisi, kwa sababu ndiyo siku ya soko la mifugo Chinorkent.

"Ijumaa," nikasema. "Tafadhali iwe Ijumaa."

"Ijumaa kuna sala," akasema Mambetkul. "Dada, kwa leo inatosha."

Walisaini kwa kalamu tatu, wakabadilishana kalamu, wakapigwa picha. Watu wote walinuka kondoo. Hoshimjon-aka aliniita nisimame karibu naye, akanivisha mabegani kanzu ya pamba yenye mistari waliyokuja nayo kwa ajili ya zawadi. Ilikuwa ya mwanamume mnene. Niliivaa kwa muda wa picha sita, kisha nikaivua na kuikunja.

Siku ile ile nilikwenda Sary-Kechu. Sikutaka Zuurakan aisikie habari redioni, maana redio ingesema tu kwamba basi limepatikana. Walikuwa wamekaa uani, Ergesh amefunikwa blanketi ingawa kulikuwa na jua, uso wake rangi ya unga wa dengu.

"Daraja ni letu," nikasema. "Basi ni Alhamisi."

"Alhamisi na siku gani?" akauliza Zuurakan.

"Alhamisi tu."

Ergesh alifikiri. "Hospitali haitahamisha siku yangu. Kila mashine ina watu wake. Nilishaomba mara moja, nikaambiwa nisubiri mtu afe."

"Tulihesabu kwenye mvua," alisema Zuurakan. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anatafuta mahali pa kosa, kama karani. "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Basi nani kakosea?"

Nilimweleza: dua, ramani, karatasi niliyoiandika, swali la yule kijana. Nilieleza kwa mpangilio, bila kuruka kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, huku akikunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Dada," akasema, "ungemwacha mzee aaibike. Angeaibika siku moja. Watu wangecheka, wakasahau."

"Wangelirudisha basi Toguz-Tal."

"Ulijuaje? Ulijaribu?"

Sikuwa na takwimu za jambo hilo.

"Tuhesabu tena," akasema. "Nitakaa darajani kuanzia kesho. Mwezi mzima, ukitaka."

"Hesabu yenye jina langu haipokelewi mpaka majaribio yaishe. Na hesabu ya mtu wa kijijini bila mhandisi haipokelewi kabisa. Miezi sita, Zuura-eje, dada yangu."

Alimtazama mumewe, akaondoa macho haraka. Ergesh alikuwa ametoa simu mfukoni, akimpigia dereva wa teksi ya kuzungukia kivuko kikuu.

"Niwekee kiti cha mbele," alimwambia. "Ndiyo, kesho kutwa. Hapana, bado nazunguka njia ndefu kama zamani. Basi? Lipo, ndiyo. Ni la kwenda kununua kondoo."