Lemein Anakunywa, Wanyama Anapuliza

Madereva wa kampuni ya Florence, pale Kitengela kando ya barabara ya Namanga, walipimwa pombe kila asubuhi kabla ya kukabidhiwa funguo. Walipanga foleni na vikombe vyao vya chai ya maziwa, kila mmoja akipewa mrija mpya, akipuliza mpaka kifaa kilie. Hakuna aliyenung'unika. Wenye mafuta waliokodi matangi ya Florence ndio walioagiza hivyo: dereva akipatikana na pombe anashuka, na visa vikizidi, kazi inapewa yadi nyingine.

Jumatatu moja Lemein alifika akinuka pombe ya Busia, kule mpakani, kuanzia kofia hadi viatu. Akapuliza, kifaa kikasoma sifuri. Nyuma yake alikuwa Wanyama, mtu wa Bungoma aliyeokoka kabla hajaoa, ambaye hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza. Yeye alipopuliza, kifaa kilisoma pombe ya kuangusha fahali.

Muuguzi Mwongeli akabadilisha mrija, matokeo yakawa yale yale. Akamtazama Wanyama machoni, kisha akamgeukia Lemein, aliyekuwa akimalizia andazi.

"Hii ni ya Lemein," alisema. "Lakini iko ndani yako, Wanyama. Na mimi napima penye iko."

Wanyama hakubisha, maana alijua ilivyoingia. Tangu Lemein apewe safari za Kampala na lori jipya lenye kitanda nyuma ya kiti, Wanyama hakuwa na amani. Aliionea wivu safari, akalionea wivu lori, akaonea wivu hata namna Lemein alivyoegesha kwa mkono mmoja huku akiongea kwa simu. Siku moja mezani Nelima, mkewe, alisema Lemein ana meno mazuri, na Wanyama akasukuma sahani kando. Alikitamani kila kilichokuwa cha Lemein, bila kuchagua. Pombe nayo ilikuwa ya Lemein, basi ikamjia.

Akasimamishwa kazi. Florence, ambaye hakuwa mtu wa makelele, alimwambia arudi baada ya mwezi apimwe tena. Akiwa safi atarudishiwa lori lake la kijani, lile aliloliendesha tangu mwanawe Morgan azaliwe, ambalo kiti chake kilivishwa kitambaa alichofuma Nelima.

Mwezi huo ulimtoa jasho. Lemein akinywa Busia, Wanyama anapepesuka Kitengela. Jumapili moja alisinzia begani kwa mzee wa kanisa katikati ya maombi. Siku nyingine alishinda akitafuna hewa, macho kodo, kwa sababu Lemein alikuwa na miraa njiani. Waumini walimwombea bila kuuliza maswali. Lemein naye alilalamika kila mahali kwamba pombe ya siku hizi ni maji, unakunywa na unabaki vile ulivyo.

Nelima ndiye aliyepata dawa.

"Baba Morgan, wewe humjui huyo mtu," alimwambia. "Enda umwone. Usiangalie lori, angalia yeye."

Wanyama akaenda. Alimkuta Lemein kwenye kivuli cha tangi, amevua viatu, macho mekundu. Wakasalimiana kwa Kimaasai, sopa, epa. Alipoulizwa habari za kazi, Lemein alieleza bila kujihurumia. Akirudi kutoka Kampala, Florence humpakia mzigo mwingine kabla injini haijapoa. Anatafuna miraa ili asilale kwenye usukani, kisha anakunywa ili apate kausingizi kidogo. Kile kitanda nyuma ya kiti hajawahi kukilalia, plastiki yake bado haijatolewa. Mara ya mwisho alipofika kwao Mashuuru, mtoto wake mdogo alimkimbia akajificha nyuma ya mbuzi.

"Unataka hii?" Lemein aliuliza, akigonga gurudumu. "Chukua, ndugu yangu. Mimi nataka tu kulala."

Wanyama akamhurumia. Wivu ukamtoka taratibu, kama ganzi inavyotoka mguuni, na siku zilizobaki akazipitisha akiwa na akili zake mwenyewe.

Siku ya kupimwa alipuliza, kifaa kikasoma sifuri. Alifurahi hadi akamshika Mwongeli mkono. Kisha akapuliza Lemein, na kifaa kikasoma pombe, kikalia kwa nguvu hadi mbwa wa yadi akaamka. Tangi la mafuta lilikuwa tayari limejazwa, na mjumbe wa wenye mafuta alikuwa ofisini akinywa chai.

Florence aliwatazama wote wawili, kisha akaingia ndani. Alitoka na funguo za lori la kijani, akampa Lemein.

"Lako liende kwa fundi," alisema. "Tangi tunalifunga kwa hili. Kiti chake ni kizuri, kuna mama alikifumia kitambaa."

Kifua cha Wanyama kikawaka moto. Alijua kabisa ni mtego. Alijaribu kuyakumbuka yale macho mekundu, na mtoto nyuma ya mbuzi, lakini Lemein alishapanda, akakiegemea kitambaa cha Nelima kwa mgongo wake wote, na Wanyama akamchukia. Akapepesuka. Mwongeli akampitishia Lemein mrija dirishani: sifuri. Wanyama hakuhitaji kupuliza, alinuka.

Florence hakumfukuza. Alimpa kiti cha plastiki na kazi ya kufungua lango, kwa kuwa walinzi hawapimwi, na mtu akiketi langoni huona kila lori la wenzake likipita. Mjumbe alimaliza chai yake, akaisifu yadi kwa usafi wake.

Wanyama akafungua lango akiwa ameshikilia nguzo. Lori la kijani likapita, pindo la kitambaa likionekana begani kwa dereva. Pombe ya Lemein ilibaki pale langoni. Usingizi wake hakuna aliyewahi kuutamani, wala hakuna kifaa cha kuupima, kwa hiyo akaondoka nao kuelekea Kampala.