Sindano ya Sista Mbeti

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya tumbo la Benta ilijulikana na watu wawili tu: yeye mwenyewe na Amolo, mama mkwe wake. Tangu mwezi wa sita wa mimba Benta alikuwa akipigwa teke chini ya mbavu na papo hapo kwenye nyonga. Mtoto mmoja hana miguu mirefu hivyo. Amolo alipofika mtaani Jericho kutoka Siaya, alimwekea kiganja tumboni, kisha akamwonya kwamba kilicho tumboni hakihesabiwi. Ukiwataja mapacha kabla hawajauona mwangaza, mmoja hugeuza njia. Amolo mwenyewe aliwahi kuwataja wake, akazika mmoja. Sasa utabishana vipi na mtu mwenye kaburi?

Basi Benta akameza ulimi. Kliniki alienda mara mbili tu, na mara zote mbili foleni ilikuwa imefika barabarani. Sista Mbeti, mkunga mkuu wa zahanati, alimpapasa harakaharaka huku akimwita anayefuata, akaandika kwenye kadi: mtoto mmoja. Benta aliisoma ile kadi njia nzima hadi nyumbani. Hakurudi kuirekebisha.

Kuhusu kujifungulia nyumbani hakukuwa na mjadala. Mwaka uliotangulia, 1977, jirani yao Nduta alizalia kwenye godoro lake, mtoto akatoka salama, damu ikakataa kukatika. Walimtoa amefungwa shuka, na shuka ile haikuonekana tena kwenye kamba ya nguo. Tangu hapo wanawake wa Jericho waliisifu sindano ya Sista Mbeti kama wanavyomsifu mhubiri mzuri. Hakuna aliyetoka kwenye kitanda chake bila kudungwa pajani, awe anatokwa na damu nyingi au kidogo, na kwa miaka minane Mbeti hakuwa amempoteza mama hata mmoja. Alikuwa na haki ya kuringa.

Lakini mazoea yana taabu. Zamani Mbeti alifuata utaratibu: mtoto akitoka, mkono kwanza tumboni kuhakikisha hamna mwingine, ndipo sindano. Mwaka ule akina mama walizidi vitanda. Akamfundisha nesi wake, Teresiah, asimame na sindano tayari, adunge mara tu mtoto anapotoka. Ule mkono ukaanza kurukwa siku za haraka, na siku zote zikawa za haraka, hadi ukasahaulika jinsi mpishi mwenye wageni wengi anavyosahau chumvi. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Uchungu ulimshika Benta Jumanne mchana, mumewe Ochola akiwa safarini na treni ya mizigo. Amolo alimsindikiza zahanati, akaachwa nje kwenye benchi chini ya dirisha, na kikohozi chake kikawa kinaingia chumbani pamoja na kelele za watoto waliocheza na visoda. Teresiah alikata shingo ya kichupa, akavuta dawa. Benta alimwuliza inafanya nini hasa.

"Inakaza tumbo," Teresiah akamjibu kwa upole. "Linajifunga kama ngumi, damu haipati njia. Usiogope, mama."

Benta aliogopa. Aliifikiria ngumi, na atakayebaki ndani ya ngumi. Kila alipofungua mdomo aseme, alisikia kikohozi cha Amolo dirishani, na maneno yakarudi yalikotoka. Akajifariji kwamba Sista amesoma, kwamba mikono iliyozalisha nusu ya mtaa haiwezi kukosa kujua. Angoje kidogo tu, Sista atasema mwenyewe. Na Sista, kwa upande wake, alikuwa ameisoma kadi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na wa Benta ulikuwa njiani.

Msichana akatoka akilia kwa nguvu. Sista Mbeti akamwinua, akacheka, akasema huyu atauza sokoni bila kipaza sauti. Benta alihisi baridi ya spiriti pajani, kisha ncha ya sindano.

"Sista, kuna mwingine ndani."

Alisema wazi, na kila mtu alisikia. Teresiah akaitazama sindano mkononi mwake. Ilikuwa tupu.

Sista Mbeti akaweka mkono tumboni, ule mkono ambao ungetangulia, na uso wake ukasawijika. Chini ya kiganja kulikuwa na kichwa.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Si mlinipima?" Benta alijibu akilia.

Baada ya hapo hakukuwa na neno jingine isipokuwa kuambiwa asukume. Sista alipasua chupa ya maji ya uzazi na kuingiza mkono. Dawa ilikuwa nzuri, haikuwa imeharibika, na ilifanya kazi yake. Dakika chache tu, tumbo likakaza na halikulegea tena, uchungu mmoja mrefu usio na pumziko. Benta alimhisi mtoto akipiga teke upande wa mbavu, kisha teke dogo zaidi, kisha hakumhisi.

Mvulana alitoka akiwa wa buluu. Mbeti akampulizia, akamsugua mgongo, akampulizia tena, mpaka Teresiah akamshika bega. Kondo la nyuma likafuata na damu ikakatika palepale, kama ilivyoahidiwa. Shuka chini ya Benta ilikuwa karibu kavu. Aliitazama shuka ile akaichukia.

Amolo akaruhusiwa kuingia. Alimwona msichana, akakiona na kitambaa kilichofunika kitu kidogo mezani, akashika fremu ya mlango. Hakulia.

"Ulimtaja," alisema.

Sista Mbeti alikuwa ameinamia rejista, kalamu haiandiki. Benta alimgeukia yeye kwanza, akamwambia aandike watoto wawili. Kisha akamtazama mama mkwe wake.

"Nilimtaja, mama. Nilichelewa kumtaja."