Mpira Uliopigwa Mnada Masuguru

Mchungaji Clyde alikuja kwetu kutoka Nebraska na mabegi mawili, moja la nguo na moja la mpira. Nilipomwona akishuka garini pale kanisani Masuguru, Korogwe, lile la nguo alikuwa amelisahau kwenye kiti, lakini la mpira amelikumbatia kama mama mwenye kichanga kwenye foleni ya kliniki. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtafsiria. Nilifundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kustaafu, tena mchungaji wetu alipouliza nani ataweza, wazee wenzangu wote wa kanisa waliinama kufunga kamba za viatu, hata waliovaa ndala. Nikasema haya, nitafanya. Mdomo wangu una haraka, sijui niufanyeje.

Jumamosi mchana alinikalisha ofisini anieleze mahubiri yake. Kwa muda mrefu nilidhani anazunguka tu kabla hajafika kwenye Neno, kumbe mpira ndio ulikuwa Neno lenyewe. Na si mpira wetu huu wa Simba na Yanga. Wa kwao nao wanauita mpira wa miguu, lakini wanaushika kwa mikono, wanaukumbatia, wanakimbia nao, na mguu wenyewe unaugusa mara chache sana. Hauna mviringo, umechongoka ncha mbili. Wachezaji wanavaa kofia ngumu kuliko za bodaboda. Wanakusanyika, wanainamisha vichwa, wananong'ona, halafu wanaachana na kwenda kugongana. Nikamwambia hilo halitanipa shida, baraza letu la wazee hufanya hivyo hivyo kila linapokutana. Alicheka kwa adabu, kisha akaniuliza kama nina uhakika nimeelewa.

Kila kona ya mchezo ule alikuwa ameiona injili. Mwamuzi ni Mungu anayeona yote, alisema. Nikamshauri aliache hilo, kwa sababu hapa Tanzania ukimfananisha Mungu na refa watu wataacha kusali. Timu hupewa nafasi nne za kusogeza mpira mbele, na ukiangushwa unasimama, unapewa nafasi nyingine, hiyo ndiyo neema. Nikamuuliza, baada ya nafasi ya nne inakuwaje? Akasema mpira wanapewa wapinzani. Nikamwambia basi neema hiyo ni fupi kidogo kuliko ile tuliyofundishwa sisi, maana Petro alipewa hesabu kubwa zaidi, sabini mara saba. Akakuna kichwa. Kesho yake nafasi nne hazikuwemo kwenye mahubiri.

Kisha akafungua begi. Mpira ulikuwa mkongwe, ngozi imepauka, kamba zimelegea upande mmoja. Ulikuwa wa marehemu baba yake, aliyefundisha timu ya shule ya mji wao mpaka nguvu zilipomwishia. Vijana wa timu yake ya mwisho walikuwa wameandika majina yao juu yake kwa wino. Baba alifariki mwaka jana, kabla ya Krismasi. "Mikono yake iko hapa," aliniambia, akinionyesha mahali ngozi ilipolainika kwa kushikwa. Akanipa niushike, ila yeye hakuuachia, ikawa tumeushika wote wawili.

Jumapili ile ilikuwa ya mavuno. Meza ya mbele ilijaa mahindi, mboga za milimani Vugiri, miwa, kapu la mayai na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu, mwenye hasira zake. Ibada ikiisha, kila kilicho juu ya meza hutolewa nje kikapigwa mnada, na dalali ni Mzee Habakuki, ambaye Mungu alimpa sauti akamnyima subira. Majirani zetu Waislamu nao huja, wengine kutoka mbali, maana kuku wa mnada wa kanisa wana sifa. Hata Hassanali mwenye duka la jumla hutuma mtu kumchukulia mahindi. Hayo Korogwe nzima inayajua, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kumweleza mgeni.

Alihubiri vizuri, lazima niseme. Alisema maisha yako ndiyo mpira huu. Umeukumbatia, unakimbia nao peke yako, unaogopa kuuachia, na kila aliyeko uwanjani anataka kukuangusha. Mkabidhi Kristo. Na ukishamkabidhi toa mikono yako, usije ukauomba tena. Akatembea mpaka kwenye meza, akauweka mpira kati ya jogoo na kapu la mayai, akarudi nyuma, akainua mikono yote miwili mitupu. Nami nikainua ya kwangu, kwa sababu mkalimani akiifanya kazi yake sawasawa hutafsiri mpaka mikono. Kanisa likasema Amina. Spika za juu ya paa zikaipeleka Amina hiyo kila nyumba ya Masuguru.

Baadaye tulikuwa ofisini tunakunywa chai na maandazi. Kelele za mnada zikaingia dirishani, Mchungaji Clyde akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa fahari zote. Akasema ni desturi nzuri mno, angependa kuipeleka Nebraska. Akamega andazi, akatafuna, halafu taya zikasimama.

"Kila kilicho juu ya meza?" akauliza.

"Kila kitu," nikamwambia.

Alitaka kuweka kikombe mezani akakiweka hewani, chai yote ikaishia kwenye zulia la mchungaji wetu.

Nje meza ilikuwa tupu. Mzee Habakuki alikuwa anajifuta jasho, amefurahi, sadaka ya mavuno haijawahi kwenda vizuri hivyo.

"Ule mpira wa mgeni uko wapi?" nikamuuliza.

"Umeshaondoka, Mwalimu. Kauchukua Mzee Rehani wa Handeni, pamoja na jogoo. Kapanda gari sasa hivi."

"Mzee Habakuki, ule ulikuwa mfano."

"Mfano gani tena? Uliwekwa mezani. Kilichofika mezani ni cha Mungu, na cha Mungu tunakipiga mnada. Halafu si wewe mwenyewe uliyetutafsiria kwamba hatauomba tena?"

Nikamgeukia Mchungaji Clyde, nikamweleza. Alikuwa mtu mkubwa, mabega yanajaza mlango, lakini alikaa pale kwenye ngazi ya kanisa akafunika uso. Kesho yake asubuhi alikuwa na basi la Dar es Salaam na baada ya hapo ndege. Mama yake alimruhusu kuuchukua mpira ule kwa kumwapisha kwamba atarudi nao. "Siwezi kuingia nyumbani bila huo," alisema. Nilikuwa na maneno yangu makali tayari mdomoni, ya mtu anayehubiri kuachia na kuachia hawezi. Nikayameza. Sikupenda kumwona vile.

Tulichukua pikapu ya mchungaji wetu, Habakuki akiendesha, nasi tumebanana naye mbele. Njia nzima ya Handeni Habakuki alijitetea kwa utaratibu wa mnada, na mimi sikutafsiri hata neno moja.

Mzee Rehani anaishi nje kidogo ya mji, ana mahindi na ng'ombe wachache. Namfahamu kwa sababu nilimfundisha binti yake Hamisa, ambaye sasa ameolewa Masuguru, nyumba inayopakana na kanisa letu. Alikuwa amekuja kumsalimia binti, akapitia mnadani kutafuta kuku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu wa Hamisa. Karibuni. Huyu ndiye mhubiri mwenyewe?"

Alijua tulichofuata, nilikiona kwenye tabasamu lake, na alikusudia kufaidi. Kwanza akaita majirani. Kisha yakatafutwa mabenchi. Kisha akasema mgeni wake haongei jambo la maana na njaa tumboni, na jogoo mwekundu akachinjwa. Mchungaji Clyde alikula nyama ya jirani wa mpira wake, akisema ni tamu sana, huku macho yako mlangoni. Wake zetu wa hapa wangemhurumia, na mke wa Mzee Rehani alimhurumia kweli, akamwongezea ugali.

Mikono iliponawiwa ndipo mama yule akaingia ndani akatoka na mpira, ameufunga kwenye kanga safi. Alikuwa ameuweka juu ya kabati, mbali na panya. Mzee Rehani akaupakata.

"Mimi nilikuwa barazani kwa Hamisa," akasema. "Spika zenu hazimwachi mtu apumzike, kwa hiyo mahubiri nimeyasikia yote. Nikaenda mnadani kwa ajili ya kuku. Nikamkuta Habakuki kakiinua hiki, watu wanacheka, hakuna anayetaja bei. Nikasema moyoni, mgeni katoka kwao huko, kamtolea Mungu kitu chake mbele za watu, halafu kikose mtu? Hiyo aibu si yake, ni yetu. Nikataja bei."

Nikatafsiri. Mchungaji Clyde akasema anashukuru, na yuko tayari kulipa chochote mzee atakachotaka.

"Mwambie sikununua kwake," Mzee Rehani akasema. "Nilinunua kwenye sadaka. Halafu muulize, kina nini hiki?"

Mchungaji Clyde akaeleza habari za baba yake, timu, majina, na mahali pale palipolainika. Majirani waliacha kunong'ona. Mzee Rehani akapatafuta mahali hapo kwa kidole gumba, akapapata.

"Sasa kama ni wa marehemu baba yake, aliutoa kwa nini?"

"Anasema hakuutoa. Ulikuwa mfano tu."

Mzee Rehani akaugeuzageuza mpira mapajani. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na hakuwa anatania tena.

"Basi muulize hivi. Lile la kumkabidhi Mungu maisha na kutoa mikono, nalo lilikuwa mfano?"

Nimetafsiri mambo mengi, ya semina, ya wafadhili, hata ya mahakamani. Kwa kawaida naongeza chumvi au napunguza. Swali lile nililitafsiri polepole kama lilivyo, na nikaliona likimfikia. Mchungaji Clyde aliutazama mpira mapajani mwa mzee. Jua lilikuwa linashuka na kuku waliobaki wanaingia bandani, na bado hakuwa amejibu.

"Haya, mpe," Mzee Rehani akasema mwishowe, akaniwekea mpira mikononi. "Kitu cha baba hakiuzwi. Na fedha zake asinipe. Mwambie mimi nimetoa, na mikono yangu hii hapa." Akaiinua juu, mitupu, sawasawa kama ilivyofanyika kanisani. Majirani wakacheka sana, na yeye mwenyewe alijiona amecheza vizuri.

Habakuki peke yake hakucheka. Alitaka kujua itaandikwaje kwenye daftari la sadaka, maana mnada ulikuwa umeshafungwa. Nikamwambia awashe gari.

Tukarudi Korogwe. Mchungaji Clyde alikuwa amepakata mpira, kidole gumba kiko pale pale. Nilimchukia kidogo kwa kuupata kirahisi hivyo, lakini kumlaumu sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimemzika baba yangu na najua sweta lake liko wapi nyumbani kwangu, na ole wake atakayeligusa.

Asubuhi ya Jumatatu huwa tuna sala fupi kabla watu hawajaenda kazini. Mchungaji wetu akamwomba mgeni aage kwa maneno machache, basi lilikuwa bado. Akasimama na mpira kwapani. Spika za juu ya paa zilikuwa zimewashwa, na najua Hamisa alikuwa anafagia uwanja wake upande wa pili wa ukuta. Nikasimama pembeni yake kama kawaida.

Akaanza yale yale. Maisha yako ndiyo mpira huu. Umeukumbatia, unaogopa kuuachia. Watu wakatazamana, maana habari za Handeni zilikuwa zimeshaenea toka usiku, na mimi nikawaza, huyu mtu hana aibu. Akatembea mpaka kwenye meza. Siku hiyo ilikuwa na kitambaa tu. Mzee Habakuki, mstari wa mbele, akainuka nusu kwenye benchi, tayari kwa lolote, kwani kilichofika mezani anakijua ni cha nani.

Mchungaji Clyde akaunyoosha mpira juu ya meza kwa mikono yote miwili. Nami nikanyoosha ya kwangu, haina kitu. Mpira ukabaki hapo hewani. Tulisubiri aushushe. Mikono yangu ikaanza kuuma, na bado vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania pale kwenye ngozi laini. Halafu akaurudisha taratibu kifuani, akaukumbatia, akasema maneno mawili ya Kiingereza ambayo hata mwanafunzi wangu wa darasa la tatu angeyaelewa.

Nilishusha mikono. Kwa mara ya kwanza tangu aje nilimpenda mtu yule.

"Anasema hawezi," nikatafsiri.

Wa kwanza kusema Amina alikuwa Mzee Habakuki, na aliisema kwa sauti ya chini, huku anakaa.