Mgongo wa Fundi Hatibu

Mimi Luka nina hasira za karibu, na sijapata kuzificha. Ujanani nilikuwa nazo zaidi. Mwaka hamsini na tano nilikuwa tarishi wa ofisi ya shamba moja la mkonge karibu na Pongwe, na kila asubuhi nilipewa mfuko wa barua niupeleke posta, mjini Tanga. Nilipewa na baiskeli. Baiskeli hiyo niliirudisha wiki ya kwanza. Nilimwambia karani mnyororo wake unachomoka ovyo, na ni kweli ulikuwa unachomoka, ila sababu yenyewe ni kwamba nilitaka kukimbia.

Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajaionja raha ile. Unatoka Pongwe jua halijapanda, mkonge umejipanga kulia na kushoto, miguu mitupu kwenye mchanga wa kando ya barabara, ungali na ubaridi. Maili ya kwanza mwili unanung'unika. Maili ya pili unalalamika waziwazi. Halafu unanyamaza, na kuanzia hapo hujui tena kama wewe ndiye unayekwenda au barabara ndiyo inayokujia. Baba yangu alishuka kutoka milima ya Usambara kuja kukata mkonge, akakata mpaka mgongo ukapinda, na sikumbuki hata siku moja alirudi kutoka kazini akicheka. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu njiani na mfuko wa barua begani. Watu wa Kange walidhani nina kasoro kichwani.

Siku moja, nikikata kona ya Barabara ya Kumi, pale Ngamiani, mtu akaniita kutoka barazani. Alikuwa fundi cherehani, mfupi, mwenye kitambi, kofia ya kiua kichwani na futi ya kupimia shingoni. Ndiye Fundi Hatibu.

"Wewe kijana, barabara imekukosea nini?"

Nikasimama kwa shingo upande. "Shikamoo. Sijakuelewa."

"Marahaba. Kila siku nakusikia toka hujafika msikitini pale. Unaikanyaga ardhi kama mnagombana. Tena ukitokea hapa pumzi zimekwisha, na posta bado."

Nilikasirika. Nilimwambia, kwa adabu kidogo tu, kwamba sijamwona yeye akikimbia hata kuwania kivuli. Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Akasema ni kweli, hajapata kukimbia tangu utotoni, lakini miaka thelathini amekuwa akiwapima watu miguu kwa ajili ya suruali, na mguu kama wangu hajaupima bado. "Sasa ni haramu kuuacha uharibike," akasema. "Kesho ukishafikisha barua zako, pita hapa."

Sikupita kesho yake. Nilipita siku ya tatu.

Kosa langu lilikuwa kosa la sisi sote tuliokulia mashambani. Kwetu kila mtu alipewa ngwe yake ya siku, na aliyeimaliza mapema alikwenda zake nyumbani. Kwa hiyo tulijua namna moja tu ya kufanya jambo lolote: anza kwa fujo, maliza, kalale. Hata kukimbia nilikimbia hivyo. Fundi Hatibu alinivunja tabia hiyo kwa kaptula za watoto wa shule. Alikuwa akianza kushona pindo la mguu mmoja, ananituma nizunguke mtaa. Nikirudi pindo limekwisha, nimechelewa. Nikirudi halijaisha, nimewahi, na kwake yeye kuwahi kulikuwa kosa kubwa zaidi. Alikuwa hainui macho. Alisema tu, "Bado," nami nikageuka nikazunguke tena. Wiki mbili nzima niliambiwa bado. Kuna siku nilimjibu kwamba pindo lenyewe limepinda, na kweli lilikuwa limepinda, akalifumua lote akaanza upya na kunituma upya.

Mara nyingine alinifunga uzi kwenye vidole gumba, mkono huu mpaka huu. Nikikaza mikono kwa hasira, uzi unakatika. Mwezi wa kwanza nilimmalizia kibunda kizima. Mwezi wa tatu nilikwenda mpaka bandarini nikarudi uzi ukiwa mzima, na yule mzee akaacha cherehani, akashuka barazani, akaufungua kwa mkono wake. Hakunisifu. Aliniuliza tu, "Umeona?" Nikamwambia nimeona. Siku hiyo nilikimbia hadi Pongwe bila kuhisi njia.

Mwaka uliofuata likatoka tangazo. Jimbo letu lilitaka mkimbiaji mmoja wa kwenda kushindana Dar es Salaam. Kwanza mchujo, kisha baada ya wiki tatu mbio za mwisho, zote kutoka Pongwe mpaka uwanja wa mpira mjini, yaani njia yangu ileile ya barua. Nilitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, isipokuwa Ruthi.

Ruthi alikuwa mchumba wangu. Posa ilikwisha kupokelewa, tulikuwa tunangoja kutangazwa kanisani. Kwao ni Kange, kando ya barabara, na mama yake aliitwa Dorkasi, mjane, mwanamke wa maneno machache. Sasa sisi watu wa milimani tuna soni ya wakwe. Mama mkwe humtazami usoni, hupishani naye njia moja. Ukimwona anakuja unatoka njiani, unampa mgongo, unangoja apite. Naye akikuona anafanya hivyohivyo. Soni hiyo haiondoki mpaka ndoa ifungwe na wazee waiondoe kwa zawadi na maneno yao. Barua zangu nilikuwa nazipitisha Kange mapema, yeye yuko ndani. Na siku ya mchujo nilijua yuko Maramba, kwenye shamba lake la mihogo.

Basi mchujo ukaanza, na mpaka Kange nilikuwa mbele. Nilikuwa nakimbia kama nilivyofundishwa, mikono imelegea, nyuma yangu nasikia pumzi za Kristofa wa reli, ambaye kila mtu alisema ndiye atakayeshinda. Nikakata kona. Huyo, Mama Dorkasi, ameshushwa na lori wakati huohuo, kikapu cha mihogo kichwani, anakuja upande wangu.

Sikufikiri. Miguu yenyewe ilitoka barabarani. Nikaruka mtaro, nikageukia mkonge, nikachutama, nikangoja apite. Nikangoja. Kristofa akapita. Wakapita wengine. Nikachungulia kwa jicho la pembeni, nikaona na yeye ametoka barabarani, amegeukia ua wa jirani na kikapu chake kichwani, ananingoja mimi nipite. Tulikaa hivyo, migongo tumepeana, kila mmoja anamheshimu mwenzake, mpaka bibi mmoja wa jirani akapaza sauti akitusihi mmoja wetu aondoke kabla jua halijatua. Dorkasi ndiye aliyeondoka.

Nilifika wa sita. Waliochukuliwa walikuwa sita.

Uwanjani walinicheka vya kutosha. Kristofa alichutama kwenye nyasi akiniigiza, nami ningempiga kama Fundi Hatibu asingenishika mkono. Yeye peke yake hakucheka. Nilipomweleza alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ulichofanya si ujinga. Mtu aliyefunzwa adabu hawezi kuivua kama shati. Lakini wiki tatu zijazo utapita palepale, kwa hiyo jambo hili lazima lishonwe na mtu mwingine, si wewe."

Jumapili akavaa kanzu, akapanda baiskeli yake, akaenda Kange kuzungumza na mama mkwe wangu kama mshenga. Mwislamu wa Ngamiani, anakwenda kwa mjane wa Kilutheri kuzungumzia soni ya Kisambaa ambayo kwao haipo. Ruthi alikuwa amekaa jikoni, akanisimulia baadaye. Fundi alimwomba mama kwamba siku ya mbio akae ndani, basi. Mama akakataa. Alisema, "Mtaa mzima utatoka barabarani kumwona. Mimi nikijifungia ndani watasema nimemkataa mkwe wangu. Sijamkataa." Kisha mama mwenyewe akatoa njia: atatoka, atasimama na watu, lakini ataipa barabara mgongo tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hiyo soni yote ataibeba yeye, nami nipite bila kutoka njiani.

Fundi aliniletea ujumbe huo. Kisha akaendelea kunipangia mbio, kana kwamba ametoka kununua vifungo. "Wewe pita, kichwa chini, usisimame. Mimi nitakuwa mbele ya Kange, pale Majani Mapana. Ukinifikia nitakwambia 'sasa', ndipo uachie miguu. Kabla ya hapo hapana." Alinijua. Kuachia mapema ndilo gonjwa langu, na dawa alikuwa nayo yeye.

Siku ya mbio Kange ilijaa. Tulikuja watatu mbele, Kristofa ameniacha hatua kumi. Nilianza kuwaona watu toka mbali, nyuso zimejipanga kando ya njia, watoto juu ya mawe, kila mtu anatazama kwetu. Katikati ya nyuso hizo palikuwa na mgongo mmoja wenye kanga ya kahawia. Na kando yake palikuwa na mgongo mwingine, mfupi, mpana, wenye kanzu na kofia ya kiua.

Nilimjua kabla akili haijakubali. Fundi Hatibu, ambaye hakuwa na mkwe yeyote wa kumwonea haya barabarani pale, alikuwa amesimama sambamba na Dorkasi, ameipa mbio mgongo. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa uani.

Baadaye Ruthi alinieleza. Fundi alikuwa anapita tu kuelekea Majani Mapana. Akawakuta vijana wa mtaani wamemzunguka mama wanamcheka, wanamuuliza kama mbio zitapita ndani ya ukuta anaoutazama. Dorkasi hakujibu wala hakugeuka. Fundi akashuka. Hakumgombeza mtu. Aliegemeza baiskeli, akaenda akasimama karibu na mama, akageukia ukuta naye. Wale vijana walikuwa wanamheshimu, amewashonea wote nguo za Idi. Kicheko kikaisha. Naye hakuondoka tena.

Nilikaribia. Miguu ilitaka kutoka njiani, nawaambia kweli, ilivuta kabisa kuelekea mtaroni. Nikainamisha kichwa, nikapita. Nilipokuwa usawa wao nikamsikia, hajageuka, anausemesha ukuta:

"Bado, Luka. Bado."

Alinitambua kwa nyayo.

Majani Mapana nilipita hapana mtu. Palikuwa na watu wengi, lakini aliyekuwa wa kuniambia nilikuwa nimemwacha nyuma. Hasira zikanipanda, zikataka niachie pale pale nimkamate Kristofa nimtie adabu. Sikuachia. Nilikaa nyuma yake nikisikiliza pumzi zake, na nilipozisikia zimekatika, karibu na reli, nikajiambia mwenyewe sasa. Sikumbuki maumivu yoyote. Nakumbuka kwamba nilikuwa nacheka kama nilivyokuwa nikicheka na mfuko wangu wa barua, na kwamba Kristofa alinitazama nilipompita, akashangaa.

Nilishinda. Walinibeba, wakanishusha, wakanipa soda. Nikakaa kwenye nyasi nikingoja. Ilipita zaidi ya nusu saa ndipo nikaona kofia ya kiua inajipenyeza kwenye watu, baiskeli mkononi, kanzu imelowa jasho. Walikuwa wamekwisha kumwambia njiani. Hakunipongeza. Aliketi chini karibu nami, kwa taabu, na kitambi chake.

"Mama amenituma," akasema. "Anasema mkwe wake amepita vizuri. Anasema tangazo la kanisani liende Jumapili hii."

Nilitaka kumshukuru. Nilitafuta neno, nikaona ahsante ni ndogo mno. Mwaka mzima mtu huyu aliacha kazi za watu mezani kwa ajili ya miguu yangu, na siku ambayo miguu hiyo ilifanya alichoifundisha, yeye alitazama ukuta.

"Sasa nieleze," akasema. "Mimi sikuona kitu. Anza Pongwe, usiruke hata hatua moja."

Nikamweleza. Jinsi tulivyoanza, nani alitoka kwa fujo, nani alishikwa na kichomi kwenye mteremko, mikono yangu ilivyokuwa. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akitikisa kichwa kidogokidogo. Nilipofika kwenye kona ya Kange, nilipotaka kusema nilichokiona pale, nikaangua kilio. Mbele ya umati wote, mimi Luka ninayejulikana kwa ukali, na Kristofa akiwa pale pale ananitazama.

Fundi Hatibu alingoja mpaka nikatulia. Hakufumbua macho.

"Haya," akasema. "Baada ya Kange ukafanyaje?"